Chelezo Chekundu Chini ya Mianzi

Baba mkwe wangu sijawahi kuonana naye uso kwa uso, na ndiye aliyenifundisha kuvua. Nikisema hivyo kwetu Tunduma watu hucheka, wanadhani natia chumvi. Wacheke tu. Mbasa wa kwanza kuvuliwa na mwanamke katika nyumba ile nilimvua mimi, kwa gurudumu la mzee mwenyewe, na mama mkwe wangu yupo hai, wamuulize.

Nimeolewa Ileje, kwa Wandali, mahali ambapo mashamba yanashuka hadi Mto Songwe na ng'ambo ya maji ni Malawi. Kwa desturi yao ya zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Akija njia hii, mimi naingia kichakani na kujifunika kitenge. Akiwa sebuleni, mimi napitia uani. Jina lake silitamki, na hapa sitaliandika. Siku hizi wengi wameiacha desturi hii, wanakula meza moja na wakwe zao na kupiga picha wamekumbatiana. Mzee wangu hakuiacha. Ni mzee wa kanisa, Biblia anaisoma kila asubuhi kwa sauti, lakini kwa jambo hili alisema Mungu hajamletea malalamiko yoyote.

Mume wangu alinieleza haya yote kabla ya ndoa, nami nikakubali kwa haraka ya mtu anayependa. Sikujua ninachokubali. Mimi ni Mnamwanga wa mpakani, nimekulia katikati ya malori na wauza vitenge, nimezoea kumtazama mtu machoni mpaka apunguze bei. Kumheshimu mtu kwa kumkimbia lilikuwa jambo geni kwangu. Nilijifunza. Nilikuwa nikisikia kikohozi chake tu, nimeshatoweka.

Kilichonikaa kooni hakikuwa kujificha. Kilikuwa jina nililopewa. Kwenye nyumba ile mimi nilikuwa "mgeni wa Tunduma". Nililima, nikapika misibani, nikazaa watoto wawili waliofanana na ukoo wao mpaka masikio, na bado mzee akitaka kuniulizia alimwambia mkewe, "Mgeni wa Tunduma ameshindaje?" Alisema kwa upole, sikatai. Lakini mgeni ni mtu anayesubiriwa aondoke, na mimi sikuwa na pa kwenda wala sikutaka kwenda.

Sasa nieleze hilo gurudumu, maana bila hilo habari hii haipo.

Mzee alipokuwa kijana alifanya kazi kwenye mashamba ya chai upande wa Rungwe, na huko alimwona mtu akivua mtoni kwa gurudumu dogo lililofungwa kwenye fimbo, likizunguka lenyewe kila maji yalipouvuta mshipi. Aliporudi nyumbani akaibomoa baiskeli yake. Akachukua habu, kile kitovu cha gurudumu la mbele, pamoja na gololi zake, akaipachika kati ya visahani viwili vya mbao alivyovichonga kwa kisu, akaufunga mshipi katikati. Halina breki. Halina mkono wa kuzungushia. Ukilipuliza kwa mdomo linazunguka, na linaendelea kuzunguka wewe ukiwa umeshachoka kulitazama. Breki yake ni kidole gumba.

Alilitengeneza kwa ajili ya mbasa. Huyu ni samaki wa Ziwa Nyasa, mweupe kama sufuria mpya, ambaye mvua zinapoelekea kuisha na maji yanapoanza kutakata hupanda mtoni kwenda kutaga. Wengi huishia huko chini Kyela. Wanaofika kwetu ni wachache, tena wenye nguvu, na ni waoga. Akiona kivuli chako hali. Akiona chambo kinaburutwa vibaya hali. Lazima umpelekee chambo kutoka mbali, kishuke na maji kana kwamba hakuna mtu aliyekishika. Ndiyo kazi ya gurudumu: maji yanakichukua chelezo kinachoelea, chelezo kinauvuta mshipi, gurudumu linaachia, na mvuvi amekaa mbali juu ya jiwe lake.

Mzee alikuwa ameshatoa neno kuhusu gurudumu hilo. Atakayemtoa mbasa kwa hilo, akiwa wa nyumba hii, litakuwa lake. Asipopatikana, atalibomoa na habu itarudi kwenye baiskeli. Wanawe wote walijaribu. Mume wangu alijaribu asubuhi moja, akarudi na mshipi umemzunguka mpaka shingoni, akasema yeye ni fundi ujenzi na tofali haliogelei. Shemeji zangu nao walitaka samaki, hawakutaka kukaa. Mzee akabaki anavua peke yake, nyonga ikizidi kumsumbua, mpaka ikawa kuinuka pale kwenye jiwe lazima mtu amshike mkono.

Nilianza kwa kuona chelezo tu. Mahali petu pa kufulia ni chini kidogo ya kona ya mto, na kati ya hapo na jiwe la mzee kuna kichaka cha mianzi kilichoinamia maji. Kichaka hicho ndicho kilichotuwezesha kuwa mtoni wakati mmoja bila kuvunja adabu. Basi nikiwa nafua, naona kipande cha ndala ya bluu kinatokea chini ya mianzi, kimesimama wima, kinakuja taratibu. Kinafika kwenye maji ya kasi, kinachelewa kidogo. Kinapita mbele yangu, kinaenda mpaka chini kabisa kwenye kina cheusi, halafu kinarudishwa. Mara nyingine tena. Nilikuwa nasahau sabuni mkononi.

Siku moja nimesimama na ndoo kichwani natazama, nikasikia sauti yake nyuma ya mianzi, kali:

"Nenda! Nani kakushika? Wenzako wote wanakwenda, wewe umesimama hapo unashangaa nini?"

Moyo ulinipasuka. Kwa desturi ile baba mkwe hasemi na wewe. Akitaka kukuambia kitu anakisema kwa mbuzi, kwa ukuta, kwa mtu anayepita, na wewe unajua ni chako. Na kweli nilikuwa nimesimama nashangaa. Nikapanda mlima maji yakinimwagikia mgongoni, nikaingia chumbani, nikatoa begi. Mama mkwe alinikuta nakunja nguo za watoto.

"Vipi tena, mwanangu?"

"Mama, mimi ni wa kufukuzwa mtoni kama kuku? Kama nimewachosha, si aseme tu nirudi kwetu?"

Nilipomweleza maneno yenyewe alikaa juu ya kitanda changu, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. "Anakigombeza chelezo! Miaka yote ndivyo anavyovua yule, anagombana na chelezo kutwa nzima. Mimi nilimkimbia zamani, ndiyo maana siendi kukaa naye."

Nikarudisha nguo kabatini, aibu imenijaa. Lakini tangu siku ile nilianza kusikiliza. Na kadiri nilivyosikiliza, nikagundua kwamba chelezo kiligombezwa zaidi siku nilizokuwepo.

"Umekaa juu juu, nani atapanda kukufuata? Samaki yuko chini!" Nikatazama, na mara iliyofuata chelezo kilishuka kikitikisika kidogo kidogo, ishara kwamba chambo kilikuwa kinagusa mchanga.

"Unakimbilia wapi? Mwache chambo atangulie, wewe fuata nyuma kama mchungaji!" Na chelezo kikazuiwa kidogo, kikalala nyuma, chambo kikatangulia chini ya maji.

Nilikata mwanzi wangu. Nilikata ndala yangu nyekundu, nikapata chelezo. Mshipi niliuzungushia kwenye kopo la maziwa, nikawa navua pale pale pa kufulia, nguo zikisubiri. Kwa kopo huwezi kumfikia mbasa, mshipi unashikwashikwa na chelezo kinashtuka, lakini nilipata samaki wadogo. Wa kwanza nilimpika na kumpeleka kwa mama mkwe ampelekee mzee. Sahani ilirudi na mifupa mitupu. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Ndipo nikauliza swali ambalo sijui lilitoka wapi, pengine ni Tunduma yenyewe iliyosema. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, mimi na mama mkwe.

"Mama, neno la mzee kuhusu gurudumu ni la wa nyumba hii, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na mimi ni wa nyumba gani?"

Aliacha kupukuchua. Hakucheka safari hii. Alisema, "Nitamfikishia." Nikajuta papo hapo, lakini neno likishafika kwa yule mama limeshafika.

Jibu halikuja. Siku zikapita, mzee akaendelea kuniulizia kwa jina lile lile la ugeni. Nikajiambia basi, nimejibiwa. Halafu Jumamosi moja nikashuka na beseni la nguo, nikakuta gurudumu limewekwa juu ya jiwe langu la kufulia, pamoja na fimbo yake ndefu ya mwanzi. Chelezo cha bluu kilikuwa kimeondolewa. Nilielewa. Cha kwangu nitafunga mwenyewe.

Msinione bingwa kwa siku hizo za mwanzo. Ukiliachia gurudumu bila kidole, linazunguka kuliko maji yanavyotaka, mshipi unafumuka na kusimama kama nywele za mtu aliyeamka. Ukikaza kidole, chelezo kinasimama na samaki wote wa Songwe wanajua kuna mtu. Nilishinda nafungua mafundo. Kidole gumba kiliota lengelenge, likapasuka, likaota jingine. Wanaume waliokuwa wakipita kwenda mashambani walisimama kutazama, mmoja akaniuliza kama nasokota uzi. Nilimjibu jibu ambalo siliandiki. Mume wangu alisema, "Mama watoto, utatufanya tuchekwe na kijiji kizima." Lakini jioni alikuwa anakikanda kile kidole kwa mafuta, na asubuhi alibaki na watoto bila kuambiwa.

Polepole nikajua. Kidole hakikandamizi, kinalala tu pembeni ya mbao, kama unavyomwekea mtoto mkono mgongoni alale. Unasikia maji kupitia kidole. Siku chelezo changu chekundu kiliposhuka kwa mara ya kwanza mpaka kwenye kina cheusi bila kushtuka hata mara moja, nilipiga kelele peke yangu. Nyuma ya mianzi, ambako mzee alikuwa bado anakuja kukaa ingawa hakuwa na cha kuvulia, nikasikia kikohozi kimoja. Hakikuwa cha kugombeza.

Mbasa alikuja asubuhi yenye jua, maji yakiwa rangi ya chai ya rangi. Mama mkwe alikuwa anaanika nguo kwenye mawe karibu nami. Chelezo kilikwenda vizuri, kikafika mwanzo wa kina, kikapotea. Hakikuzama taratibu, kilikuwepo, kikawa hakipo. Nikavuta fimbo na upande wa pili kukawa na kitu kizima, kizito, chenye hasira.

Kwanza alishuka, gurudumu likalia mpaka sikuliona linavyozunguka. Nikaweka kidole, kikaungua, nikakiacha kiungue. Akageuka. Badala ya kwenda ziwani kwao akapanda mto, akapita mbele yangu, nikamwona ubavu wote ukimulika, akaelekea juu, chini ya mianzi, upande wa mzee.

Hapo ndipo niliposimama. Mshipi ulikuwa unasugua mianzi, nasikia kabisa unavyokwaruza. Kama simfuati, unakatika. Na njia ya kumfuata ni moja, inazunguka kichaka na kutokea kwenye jiwe la mzee, ambaye hawezi kuinuka bila kushikwa mkono. Nilikuwa nimemkwepa mtu huyu tangu nilipoolewa. Nilikuwa nimeingia kwenye miiba, kwenye matope, siku moja kwenye banda la nguruwe. Nikitokeza pale nimemvunjia heshima mbele ya mkewe, na gurudumu nitakalokuwa nimelipata kwa njia hiyo sitalitaka. Nisipotokeza, samaki anakwenda, na mimi ni mgeni mpaka nife. Machozi yalinitoka kwa hasira.

"Mama!" nikapiga kelele. "Mama, amepanda!"

Mama mkwe akatupa nguo chini. "Mzee!" akaita kwa sauti ambayo nadhani Malawi waliisikia. "Mkweo anakuja huko!"

Kisha nikasikia mkongojo ukigonga jiwe. Nikasikia mtu akiguna, akiguna tena kwa uchungu, majani makavu yakivunjika, mabua ya mahindi yakisukumwa. Yule mzee alikuwa ameinuka peke yake. Alikuwa ananipisha njia, yeye, mimi niliyempisha miaka yote.

Nikazunguka mianzi mbio, fimbo juu. Jiwe lilikuwa tupu, na kofia yake imebaki juu yake. Ndani ya shamba la mahindi niliona mabua yakitikisika, basi, na sauti ikatoka humo, ikiusema mto:

"Wewe mto, usimkazie huyu! Mwache akimbie, achoke mwenyewe. Akikimbia mwachie, akisimama mrudishe. Kidole, mto, kidole!"

Nikamwachia akikimbia. Nikamrudisha akisimama. Alipolala ubavu kwenye maji ya kina kifupi niliingia na kitenge changu chote, nikamkumbatia, nikatoka naye nikaanguka naye mchangani. Alikuwa mrefu kuliko mkono wangu. Mama mkwe alifika akinipigia vigelegele, akamgusa samaki, akanigusa mimi, kana kwamba hajui nani apongezwe kwanza. Mzee alikuwa bado mahindini. Nilichukua kofia ya mzee, nikaitundika kwenye bua la kwanza la mahindi, nikageuka nikaondoka na samaki wangu, ili naye atoke.

Jioni nilimpika mwenyewe kwa nyanya na pilipili. Kichwa hupelekwa kwa mwenye nyumba, nami nikakipeleka pamoja na mkia, kwa heshima zote, kupitia mama mkwe. Sahani ikarudi. Mkia umeliwa, kichwa kipo, hakijaguswa. Mama mkwe akasema, "Amesema kichwa ni cha aliyevua." Nilikila chote, mume wangu akinitazama, na sikumpa hata jicho.

Gurudumu ni langu. Nimelibadilisha gololi mara moja, nikalitia grisi, sijaligusa zaidi. Mzee sasa haoni vizuri mbali, na amehamisha kiti chake. Mimi ndiye ninayekaa kwenye jiwe la juu, na yeye wanamshusha asubuhi na kumketisha chini ya kona, pale nilipokuwa nafua. Mianzi iko kati yetu kama zamani. Chelezo changu kinashuka, kinapita mbele yake, na kikienda vibaya kinagombezwa.

Msimu uliopita, mtu wa ng'ambo, wa Malawi, alisimama ukingoni mwake, nikamsikia akimsalimia mzee kwa Kindali, kisha akamuuliza hicho chelezo chekundu ni cha nani, maana kinakwenda vizuri. "Ni mwanao anavua huko juu?" akauliza.

"Wanangu hawajui," mzee akasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kuvuka mto. "Huyo ni mwenye nyumba yangu. Kaa hapo utazame."

Nikabaki juu ya jiwe, macho yamejaa maji, sioni chelezo wala mto. Nilikuwa nasikia kidole tu. Nikakilaza vizuri pembeni ya mbao, nikaliachia gurudumu, chelezo kikashuka mpaka kwao wawili.